Bunduki ya Mashoto Iliyonipeleka Kalenga

Tangu nirudi Uyole nimeulizwa swali moja tu. Kanisani wananiuliza, kwenye kahawa wananiuliza, hata jirani yangu wa shamba la viazi, ambaye hajawahi kushika hata manati, alisimama juzi kwenye ua akasema, "Baba Tusa, iko wapi sasa?" Nimechoka kusimulia vipandevipande, huyu nikimpa mwanzo na yule nikimpa mwisho. Naandika yote hapa, msome mara moja, kisha mniache nipalilie.

Kwanza mjue kwamba mimi nilizaliwa mashoto. Bibi yangu kule Rungwe hakulikubali jambo hilo. Wakati wa kula alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nyuma ya mgongo, na nilipoanza shule mwalimu akaimalizia kazi yake kwa fimbo. Nikawa mtu wa kulia kama wengine. Nilipopangiwa kazi ya ubwana shamba mkoani Iringa na kupata kibali cha kuwinda, niliipachika bunduki kwenye bega la kulia, nikalenga kwa jicho la kulia, na kwa misimu ishirini na miwili nikatembea porini na rafiki yangu Kalinga, Mhehe wa Kalenga. Yeye husoma nyayo, mimi hubeba bunduki.

Miaka miwili iliyopita jicho la kulia liliingia ukungu. Daktari akasema ni presha ya jicho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kushoto ni zima kabisa. Ila ukilenga kwa jicho la kushoto inabidi bunduki ikae bega la kushoto, na bunduki zote nilizozijua zina bolti upande wa kulia. Bolti ni kile kipini cha chuma unachokivuta kila baada ya risasi, ganda litoke na risasi nyingine iingie. Kwa mtu wa kushoto kukifikia ni kujipindapinda, na nyati hamsubiri mtu anayejipinda. Misimu miwili nikakaa nyumbani. Ikifika Julai nilikuwa napata homa isiyo na jina, na mke wangu aliijua vizuri kuliko mimi.

Mwezi wa nne Kalinga akanipigia. Muuza silaha mmoja wa Dar es Salaam angeleta raifo mpya za mwaka huu, za kuwindia na za mashindano, awaonyeshe wawindaji kwenye shamba moja huko Kalenga. Na moja kati yake bolti yake ilikuwa kushoto.

"Nimekuwekea nafasi kwenye kundi," akaniambia. "Ukiiweza hiyo bunduki, tunaingia wote Julai. Usipoiweza uniambie palepale, nitafute mtu mwingine wa kutembea nyuma yangu."

Nilikuwa na wiki sita. Nikachonga bunduki ya mbao ya paina, nikaipigilia komeo la mlango upande wa kushoto liwe bolti, na kila asubuhi kabla ya chai nikawa nalivuta na kulirudisha, nalivuta na kulirudisha. Nikajiwekea pia amri kwamba kijiko, mswaki, jembe, vyote vishikwe kwa kushoto mpaka mkono ukumbuke ulivyozaliwa.

Uyole hadi Chimala

Niliondoka asubuhi yenye umande, bunduki yangu ya mbao nikiwa nimeiviringisha ndani ya gunia. Nilitaka kuifanyia mazoezi njiani, nisije nikafika Kalenga mkono umelala. Kwenye basi nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anaenda Makambako na kikapu cha maparachichi. Tulipopita Inyala goti lake likagonga gunia langu, akaniuliza taratibu kuna nini humo.

Nami, kwa ule ujinga wa mtu mkweli, nikamjibu kwamba ni bunduki, ila si ya kweli. Bunduki aliisikia. Hilo lililofuata hakulisikia, kwa sababu alikuwa ameshasimama. Habari ikafika kwa kondakta kabla sijafungua mdomo tena, na dereva akasimamisha gari Igurusi mbele ya watu wanaopepeta mpunga. Nikaombwa kwa heshima sana, kutoka mbali kidogo, nilifungue gunia.

Nililifungua. Kondakta akaishika ile mbao, akaigeuza, akalivuta komeo. Lilitoa mlio ule ule unaoujua kila mtu aliyewahi kufunga choo cha shuleni. Abiria mmoja wa nyuma akaniuliza naenda kumfungia mlango nani, na hapo basi zima likacheka, mpaka na wapepeta mpunga. Yule mama hakucheka. Alinipa parachichi moja, nadhani kwa kunihurumia, na akahamia siti nyingine.

Tukaendelea. Kabla ya kuingia Chimala gia zikakataa. Basi lilinguruma, likajikokota hadi kando ya barabara, likanyamaza. Fundi akaingia uvunguni, akatoka, akasema saa moja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipoondoka Chimala ilikuwa saa tisa, na miguu ya fundi bado ilikuwa inaonekana.

Chimala

Hakuna anayelala njaa Chimala, mchele umejaa kila mlango. Niliingia kwa mama mmoja mwenye vibanda viwili vilivyounganishwa, nikaagiza wali na maharage na samaki wa kukaanga. Alipoleta sahani nikainyoshea mkono wa kushoto, kwa kuitii ile amri yangu. Mama akairudisha sahani kifuani kwake.

"Mzee mzima unanipokea na kushoto," akasema. "Mimi nimekukosea nini?"

Watu kwenye benchi wakaacha kula. Mnajua mambo yetu. Mkono huo una kazi zake na kupokea chakula si mojawapo. Uso ulipata moto. Nikamwomba radhi, na kwa kuwa niliona radhi tupu haitoshi, nikamweleza yote, bibi na kitambaa, jicho, Kalinga, mpaka komeo la mlango. Alisikiliza akiwa bado ameikumbatia sahani. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo benchi halikuipata, kwamba mtoto wake wa tatu alikuwa hivyo hivyo, naye alimfunga mwenyewe, kwa upindo wa khanga. Sasa ni mtu mzima na mwandiko wake haujawahi kunyooka.

Akanisogezea sahani upande wa kushoto. Ila alipoitoa mkononi aliangalia pembeni, kwenye barabara, na mimi nikaipokea haraka tusiaibishane zaidi. Wali ule ulikuwa mtamu kuliko wote niliokula mwaka huu, na niliula polepole. Nilikuwa namfikiria mtoto yule, na nadhani nilikuwa najifikiria mwenyewe.

Chimala hadi Mafinga

Nilipata lifti kwenye lori la mbao lililokuwa linarudi tupu Mafinga. Dereva, Mkinga aitwaye Sanga, alitaka mtu wa kuongea naye asisinzie, na akampata. Alisimama Igawa kuangalia matairi, akasimama tena mbele kuangalia matairi yale yale, na Makambako akasimama kununua mahindi ya kuchoma. Upepo wa Makambako mwezi wa sita unaujua mfupa. Nilikula hindi langu nimejikunyata, huku Sanga akiniuliza kitu gani kitamu hasa katika kuua mnyama.

Nikamwambia si kuua. Misimu mingine tulirudi mikono mitupu na bado nilikuwa nahesabu miezi hadi Julai nyingine. Nikajaribu kumweleza asubuhi ya porini, nyasi zimeinama kwa umande, Kalinga hatua kumi mbele yangu, ghafla anasimama na kunyanyua kidole kimoja. Hapo hujui ameona nini. Unasimama tu, na moyo unadunda, na dunia yote inakuwa kidole kile. Huku kwetu sisimamishwi na mtu yeyote namna hiyo. Naamka, napalilia, nalala. Nilimwambia Sanga kwamba nimekumisi huko porini mpaka naota harufu ya majivu ya moto wa kambi, na kwamba kama bunduki ile haitanikubali sijui Julai zilizobaki nitazifanyia nini. Alinipa hindi la pili.

Tulifika Mafinga jioni, moshi wa viwanda vya mbao umelala juu ya mabati. Kando ya nyumba ya wageni palikuwa na karakana, fundi wake Mbena mfupi amekaa juu ya rundo la maranda anamalizia chai. Aliliona gunia, akataka kujua. Ufundi una undugu wake, nikamwonyesha. Aliipima mkononi, akaitazama kwa jicho moja, akapiga randa mahali ambapo kitako kilikuwa kinanikwaruza shavu. Kisha akaniuliza ya kweli ina uzito gani, na inapiga bega kwa nguvu kiasi gani.

"Hii paina haina kitu, mzee," akasema. "Haisukumi. Inakuzoesha raha."

Nilimshukuru kwa randa. Hayo mengine niliyaacha pale kwenye maranda, nikajiambia yeye ni fundi wa milango.

Mafinga hadi Iringa

Mwendo huu ndio pekee ulioenda kama ulivyopangwa, kwa hiyo hauna habari. Misitu ya paina ilipita, mashamba yakapita, na kabla ya saa sita nikashuka Ipogolo, chini ya mji.

Kalinga alikuwa amesimama peke yake mbali na watu, kama kawaida yake. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene," nikajibu. Tukashikana mikono kwa muda mrefu. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote, lakini aliponitangulia kuvuka barabara nikaona miguu ni ile ile. Inakanyaga chini bila kuisumbua ardhi. Nilitaka kulia, nawaambia ukweli, na nikasingizia vumbi.

Nyumbani kwake Kalenga mkewe, Mama Atu, alitusongea ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na kuku ambaye bila shaka asubuhi ile alikuwa bado anatembea. Tuliongea habari za watoto, mvua, nani amekufa. Habari ya bunduki tuliizunguka kwa mbali. Mwishowe Kalinga akasema kundi lina watu wanne tayari, wa tano ni mimi, na kesho baada ya majaribio lazima awajibu wenzake. Bwana mmoja wa Ilula aitwaye Chengula amekuwa akiomba nafasi hiyo tangu Pasaka. Kalinga amekuwa akimwambia asubiri.

"Misimu miwili nimetembea na watu wengine," akasema, akiangalia ugali wake. "Wanaongea mno."

Kwa Kalinga hiyo ni barua ndefu ya mapenzi. Nikamwambia kesho ataona.

Kalenga, shambani

Walikuwa wamepanga meza ndefu chini ya turubai, na mbele yake uwanja uliolimwa uliokoma kwenye tuta kubwa la udongo lenye karatasi za shabaha. Watu kama ishirini, wengi wenye mvi. Aliyekuwa anaonyesha ni dada mmoja aitwaye Neema, anayepiga shabaha za mashindano yeye mwenyewe, na anayekupokonya bunduki kwa upole ukimwelekezea mtu mtutu hata kama ni tupu. Nilimpenda mara moja.

Mnaotaka kujua bunduki za siku hizi zikoje, ni hivi. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya kuwindia swala, kitako chake cha plastiki yenye rangi ya nyasi kavu, nyepesi hata nilidhani wamesahau kitu ndani yake. Neema alisema hainyonyi maji wala haipindi kwa jua. Ni kweli, lakini shavu halipati pa kupumzika, ni kama kulalia beseni. Ya pili ilikuwa ya mashindano, ya risasi ndogo, ina skrubu kila mahali. Unarefusha kitako, unainua sehemu ya shavu, inakuuliza karibu mpaka namba ya kiatu. Nilicheka, kisha nikapiga risasi tatu nikiwa nimeiegemeza, zikakaa zote mahali ambapo ningeweza kuzifunika kwa kifuniko cha soda. Nikaacha kucheka. Ya tatu ilikuwa na mbao ya mjozi iliyong'arishwa vizuri hata Kalinga, ambaye bunduki kwake ni jembe tu, alipitisha kidole juu yake mara mbili.

Na mwisho wa meza ilikuwa imelala yangu. Naiita yangu kwa mazoea, msinisahihishe. Ilikuwa bunduki nzito ya nyati, mbao nyeusi isiyo na mapambo, na bolti yake kushoto. Niliipandisha begani ikaingia kama iliyopimwa na fundi cherehani. Jicho la kushoto likaangukia kwenye kilengeo bila kutafuta. Neema akaniambia nivute bolti mara kadhaa ikiwa tupu. Nilivuta. Ilikuwa laini, na mkono ukaenda na kurudi wenyewe, wiki sita zote zikajibu. Nikavuta tena na tena. Nina miaka sitini na saba, na ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kuniwekea kitu mkononi akiwa amenifikiria mimi nilivyozaliwa. Nilimtazama Kalinga, amesimama kando yangu, upande wa kulia. Alikuwa anatabasamu waziwazi, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa miaka.

Neema akanipa risasi mbili. Moja nzuri, akasema, halafu vuta bolti haraka, kisha ya pili. Kama porini.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliona karatasi ikitikisika karibu na katikati. Bunduki ikanisukuma kwa nguvu ambayo nilikuwa nimeisahau, na hapo hapo, kabla sijafikiri lolote, mkono wangu wa kulia ukaachia mbao na kuruka juu kutafuta bolti. Ukakuta chuma kitupu. Ukapapasa. Bunduki, iliyobaki kwenye mkono mmoja, ikaelemea na kugeukia kulia, na mtutu wake ukapita mbele ya tumbo la Kalinga.

Ndani palikuwa na ganda tupu, hakuna risasi ambayo ingetoka. Neema alikuwa ameshaushika mtutu na kuuelekeza chini. Hakunifokea. Alisema tujaribu tena taratibu, na akamwomba Kalinga arudi nyuma yetu kabisa.

Tulijaribu mara tatu nyingine. Kila nilipovuta bolti bila kupiga, mkono wa kushoto ulifanya kazi yake kama malaika. Kila bunduki iliponipiga bega, mkono wa kulia uliruka. Mara ya mwisho nilijua kabisa kwamba utaruka, nikauamuru usiruke, na ukaruka. Bibi yangu na yule mwalimu walifanya kazi yao barabara. Walinifundisha mkono wa kulia kwa maumivu, na maumivu yakija ndio huo unaoitika.

Neema alisema wako watu wanaozoea, baada ya risasi mia kadhaa na mwaka mmoja au miwili. Alisema kwa wema. Nikaishusha ile bunduki nzuri kwenye meza, nikaigeuza bolti iwatazame watu, mwingine mashoto asije akapita bila kuiona.

Kalinga alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya turubai. Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuzunguka, kwamba Julai bado wiki nne, kwamba nitafanya mazoezi. Nikamwona anasubiri, mikono juu ya magoti, na nikajua kwamba nikimwambia twende, atakwenda. Atatembea hatua kumi mbele ya bunduki yangu bila kugeuka nyuma hata mara moja.

"Usitembee tena mbele yangu, Kalinga," nikamwambia. "Nitakuua."

Akasema, "Nimesikia." Akatoa simu mfukoni, akaishika bila kubonyeza. Kisha akabonyeza, akampata Chengula wa Ilula, akamwambia nafasi ipo. Nilimsikia akimweleza wapi watakutana, siku gani, abebe nini, njia ile ile na kambi ile ile ambayo jiwe lake la kupikia nililiviringisha mimi. Alikuwa anaeleza kwa ufupi, kama anavyoeleza kila kitu, na nikaona mtu yule atakwenda bila kujua chochote. Nikamnyoshea Kalinga mkono. Akasita, akanipa simu.

Nikamsalimu Chengula, nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia akiona Kalinga amesimama, naye asimame, na asimuulize ameona nini. Kwamba Kalinga hali kitu mpaka jua liwe juu, hivyo asimbembeleze, ila chai atakunywa akiwekewa bila kuambiwa. Kwamba akianza kuimba polepole, wanyama wako mbali, na akinyamaza ghafla watakuwa karibu.

"Na ukitaka kumwita," nikasema, "mwite upande wa kushoto. Sikio la kulia halisikii. Nililiharibu mimi msimu wetu wa tano, kwa risasi niliyoipiga karibu naye mno, na hajawahi kumwambia mtu."

Kalinga alikuwa anatazama tuta la udongo. Chengula akauliza kama kuna jingine la kujua. Nikamwambia yapo mengi, lakini atayaona mwenyewe akiwa nyuma yake. Nikamrudishia Kalinga simu yake.